Jukwaa la Programu za Biashara: Tazama Kwanza Lilivyowatendea Wateja wa Jana

Programu ya biashara huishi kuliko ilivyokusudiwa. Mfumo wa mishahara, wa ghala, wa mikopo au wa bima huanza na bajeti ya miaka mitano, kisha hukutwa bado unatumika mwaka wa kumi na tano, kwa sababu kila mwaka kuubadilisha huonekana ghali kuliko kuuvumilia mwaka mmoja zaidi. Majukwaa yanayoubeba mfumo huo, yaani lugha ya programu, hifadhidata na mfumo endeshi vilivyo chini yake, yana maisha mafupi, na ufupi wenyewe umeandikwa wazi. Toleo la .NET (mazingira ya Microsoft ya kuandikia na kuendeshea programu) lenye msaada wa muda mrefu hupata viraka vya usalama kwa miaka 3. Toleo kuu la hifadhidata ya PostgreSQL hupata miaka 5. Mfumo endeshi wa Ubuntu, katika matoleo yake ya msaada mrefu (LTS), hupata miaka 5 ya msaada wa kawaida.

Piga hesabu. Mfumo utakaoishi miaka 15 juu ya .NET utapitia matoleo matano yenye msaada mrefu, matoleo makuu matatu ya hifadhidata na matatu ya mfumo endeshi, hata kama kampuni itajibana na kuhama pale tu tarehe inapoilazimisha. Hakuna jukwaa la leo litakalokaa chini ya mfumo huo bila kuguswa hadi mwisho wake. Anayetafuta jukwaa lisilobadilika anatafuta kisichokuwepo. Cha kuuliza ni kila badiliko litagharimu nini, litatangazwa mapema kiasi gani, na nani atabeba gharama yake.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo ndilo linaloulizwa mara chache zaidi. Jukwaa hudumu pale ambapo mwenye nalo huumia msimbo wa zamani unapovunjika. Asipoumia, ahadi ya kudumu inabaki kuwa hisani yake, na hisani hubadilika bodi ya wakurugenzi inapobadilika.

IBM ilitangaza System/360 mwezi Aprili 1964. Programu nyingi za watumiaji zilizoandikwa kwa ajili ya mashine hizo bado zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta kubwa za IBM za leo. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa: mabenki na mashirika ya bima yanailipa IBM kwa ajili ya uendelevu huohuo, na siku utakapokatika hayatakuwa na sababu ya kubaki. COBOL, lugha iliyoanza mwaka 1959, imeishi kwa nguvu ya uchumi huo zaidi kuliko kwa uzuri wake.

Sasa tazama Microsoft, ambayo inafundisha zaidi kwa sababu ndani yake pande zote mbili zipo. Visual Basic 6 (VB6), lugha yake ya kuandikia programu, ilitoka mwaka 1998. Msaada wa zana zake za kuandikia programu ulikoma Aprili 2008. Lakini maktaba zinazoziwezesha programu hizo kuwaka zimeendelea kusafiri na Windows, toleo baada ya toleo, kwa hiyo programu ya VB6 ya mwaka 2000 bado inaweza kufunguka leo. Walioitengeneza Windows wangeumia kama programu za wateja zingekufa. Mteja asingenunua Windows mpya. Waliotengeneza lugha hawakuumia kiasi hicho: Visual Basic .NET ilipotoka mwaka 2002 ilikuwa lugha nyingine kwa jina lilelile, na kigeuzi kilichotolewa nayo kiliacha kazi kubwa ya mkono. Jambo hilo limejirudia kwa .NET Framework, yaani .NET ya zamani. Toleo la 4.8 la mwaka 2019 linaendelea kuungwa mkono kama sehemu ya Windows, ila Web Forms, sehemu yake ya kutengenezea kurasa za wavuti, haikuvushwa kwenda .NET mpya. Kurasa zako zitaendelea kuwaka, lakini hazina njia ya kusonga mbele ila kuandikwa upya.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Kuwaka na kusonga mbele ni mambo mawili, na muuzaji anaposema "tunaunga mkono" kwa kawaida anazungumzia la kwanza tu. Mwulize la pili kwa jina lake.

Visual FoxPro, zana ya Microsoft ya kutengeneza programu za hifadhidata, ni kielelezo kingine cha mwenye jukwaa asiyeumia. Ilikuwa na watumiaji waaminifu na mifumo mingi ya biashara ndogo na za kati ilisimama juu yake. Toleo la 9 la mwaka 2004 lilikuwa la mwisho, na msaada wote ulikoma Januari 2015. Haikufa kwa kukosa watu. Ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyokuwa na bidhaa nyingine, SQL Server na .NET, ambazo ingependa zaidi wateja wahamie. Ukiona jukwaa linalomilikiwa na kampuni moja na kampuni hiyo ina bidhaa nyingine inayofanya kazi ileile, chukulia kwamba moja kati ya hizo itauawa, na uliza ni ipi inayoingiza fedha.

Umaarufu nao si kinga. AngularJS, fremuwaki (kiunzi cha kujengea programu) ya skrini za wavuti iliyotoka Google mwaka 2010, ilikuwa kila mahali. Angular 2 ilipotoka Septemba 2016 ilikuwa imeandikwa upya toka mwanzo, na skrini za zamani hazikuweza kubebwa bila kuandikwa tena moja baada ya nyingine. Msaada wa AngularJS ulikoma mwishoni mwa 2021. Flash, kiongezi cha kivinjari, ilikoma 31 Desemba 2020. Silverlight, mshindani wake kutoka Microsoft aliyezinduliwa 2007, ilifungwa rasmi 12 Oktoba 2021. Takwimu za umaarufu huhesabu miradi inayoanza leo, hazihesabu waliokwama. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na katika fani hii misala hupita upesi.

Kuvunjika kwa kelele na kuvunjika kimya kimya

Mabadiliko ya jukwaa hayalingani kwa hatari. Yapo yanayovunja kwa kelele: msimbo unakataa kutafsiriwa, au programu inasimama na kutoa ujumbe wa kosa. Hayo yanaudhi, lakini unayaona, unayahesabu na unayarekebisha. Na yapo yanayovunja kimya kimya, programu ikiendelea kuwaka huku ikitoa majibu mengine. Mfumo wa biashara unaweza kuishi na mengi ya aina ya kwanza. Moja la aina ya pili linaweza kuharibu vitabu vya hesabu vya mwaka mzima kabla mtu hajashtuka.

Java ina mifano mizuri ya kelele. Toleo la 11, Septemba 2018, liliondoa ndani ya Java yenyewe sehemu kadhaa, mojawapo JAXB inayotumika kusoma na kuandika XML. Mfumo uliozitumia ulisimama mara moja ukilalamika kwamba darasa fulani halipatikani, na tiba ilikuwa kuongeza maktaba hiyo kama kitegemezi cha nje. Java EE, sehemu ya Java kwa mifumo ya makampuni, nayo ilihamia kwa Eclipse Foundation ikaitwa Jakarta EE, na kwa kuwa Oracle, mwenye Java, haikuruhusu jina javax liendelezwe huko, Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta. Spring Boot 3, fremuwaki ya Java ya Novemba 2022, ikadai Java 17 na majina hayo mapya. Kazi ya kubadilisha msimbo wako ni ya kimashine. Zana huifanya ndani ya siku. Kinachokwamisha ni maktaba moja ya zamani, pengine ya kuchapisha ripoti au ya kuzungumza na benki, ambayo bado inatumia javax na ambayo mwenyewe ameshaitelekeza. Hiyo moja inauzuia mfumo mzima. Ndiyo maana orodha ya vitegemezi inapaswa kupitiwa kabla ya kuanza kuhama, siyo katikati ya safari.

Kwa ukimya, itazame lugha ya Python. Python 3 ilitoka Desemba 2008. Python 2 ilikuwa ifungwe 2015, ikaongezewa muda, ikafungwa 1 Januari 2020. Miaka kumi na moja ya kuhama ni onyo la kutosha. Lakini angalia baadhi ya yaliyobadilika. Katika Python 2, 7/2 ni 3. Katika Python 3 ni 3.5. Katika Python 2, round(2.5) hutoa 3.0, katika Python 3 hutoa 2, kwa sababu nusu hukadiriwa kuelekea namba shufwa iliyo karibu. Hakuna ujumbe wa kosa. Programu ya kukokotoa riba au kugawa gharama kwa idara inaendelea kufanya kazi, na jumla zinatofautiana kwa senti chache, kisha kwa shilingi, kisha kwa kiasi ambacho mkaguzi wa hesabu hawezi kukifumbia macho.

Mfano wa pili uko chini zaidi, mahali ambapo mhasibu wala mwandishi wa programu hapatazami. PostgreSQL, isipoelekezwa vingine, hutegemea maktaba ya mfumo endeshi kujua jinsi ya kupanga maneno kwa alfabeti. Kwenye Linux maktaba hiyo ni glibc, na toleo lake la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha mpangilio huo kwa lugha nyingi. Kampuni inayochukua mafaili ya hifadhidata kama yalivyo na kuyaweka kwenye seva yenye mfumo endeshi mpya zaidi hujikuta na faharasa (orodha za kutafutia data haraka) zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zikisomwa kwa mpangilio mpya. Mteja yupo kwenye jedwali, lakini ukimtafuta kwa jina hapatikani. Karani anamsajili upya, na kanuni ya kuzuia majina yanayojirudia haimzuii, kwa sababu nayo inategemea faharasa hiyohiyo. Tiba ni kujenga upya faharasa zote za matini kwa amri ya REINDEX mara tu baada ya kuhama, kabla ya kuruhusu mtu yeyote kuandika. Ukihamisha kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa data yote nje na kuiingiza upya, tatizo hilo halitokei, kwa kuwa faharasa hujengwa upya upande wa pili. Gharama yake ni muda zaidi wa mfumo kusimama.

Kwa hiyo unapotathmini jukwaa, soma maelezo ya matoleo yake matatu makuu ya mwisho, siyo kurasa za matangazo, na ugawe mabadiliko yote katika mafungu hayo mawili. Kisha tazama fungu la kimya. Je, wenye jukwaa waliliweka mbele ya maelezo na kulionya kwa herufi kubwa, au msomaji anaachwa aligundue mwenyewe? Hapo tabia yao inaonekana waziwazi kuliko katika hotuba yoyote ya mauzo.

Mwenye jukwaa akibadilika, una pa kwenda?

Ahadi ya tarehe ni kitu kizuri, lakini si kufuli. CentOS 8, mfumo endeshi wa Linux kwa seva, ilitoka Septemba 2019 ikitarajiwa kuungwa mkono hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni 31 Desemba 2021. Walioipanga kwa miaka kumi wakabakiwa na miezi kumi na miwili. Kilichowaokoa ni kwamba vifurushi vya programu vilikuwa wazi na vinajengeka na yeyote: mbadala wake, AlmaLinux na Rocky Linux, zikatokea mwaka 2021, na seva nyingi zilihamishwa palepale zilipo bila kubadilisha mstari wa msimbo wa biashara. Ahadi ilivunjika, lakini mlango wa kutokea ulikuwepo.

Java ilipitia jambo la aina hiyohiyo. Januari 2019 Oracle iliacha kutoa masasisho ya bure ya Java 8 kwa matumizi ya kibiashara. Kwa kuwa OpenJDK, msingi wa Java, ni ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) na inajengwa na wasambazaji kadhaa, miongoni mwao Amazon, Red Hat na Azul, kampuni zisizotaka kulipa zilibadilisha msambazaji na kuendelea na kazi.

Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha jukwaa: idadi ya wasambazaji wanaoweza kuliendesha bila kuomba ruhusa ya mmoja wao. Chanzo huria peke yake hakitoshi. Hifadhidata ya MongoDB ilibadilisha leseni yake Oktoba 2018, injini ya utafutaji ya Elasticsearch mwaka 2021, zana ya kusimamia seva ya Terraform ya HashiCorp Agosti 2023, na hifadhidata ya Redis Machi 2024. Zote zilikuwa wazi, na kila moja ilikuwa chini ya uongozi wa kampuni moja, kwa hiyo uamuzi wa kampuni moja ulitosha. Tatu kati yao zilizaa matawi huru: OpenSearch, OpenTofu na Valkey. Wateja hawakupotea, ila walilazimika kuchagua upande na kupima mifumo yao upya.

Kulikagua hili hakuhitaji mwanasheria. Fungua hazina ya msimbo ya mradi na usome mambo matatu. Leseni ni ipi, na haki za kunakili ni za nani? Je, anayechangia msimbo hutia saini mkataba unaoipa kampuni moja haki ya kubadilisha leseni? Na watu wanaokubali mabadiliko kuingia kwenye msimbo wanaajiriwa na makampuni mangapi? PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki, na wachangiaji wake wakuu wametawanyika katika waajiri wengi. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendekeza kwa mifumo ya muda mrefu, kabla hata ya kuzungumzia uwezo wake.

Kwa huduma za wingu na majukwaa ya kutengeneza programu bila kuandika msimbo, hesabu ni kali zaidi. Facebook ilinunua Parse, huduma ya wingu ya kuhifadhi data za programu za simu, mwaka 2013, ikatangaza kuifunga Januari 2016, na ikaifunga Januari 2017. Parse ilifunga kwa adabu: ilitoa mwaka mzima, zana ya kuhamisha data, na msimbo wa seva ukawekwa wazi. Hata hivyo, programu zilizokwisha kusakinishwa kwenye simu za watu zikiwa na anwani ya Parse ndani yake hazikuweza kuelekezwa kwingine bila mtumiaji kusakinisha toleo jipya. Kutokana na hilo ipo kanuni moja isiyogharimu karibu chochote: kila anwani ambayo programu yako inaiita iwe chini ya jina la kikoa unalolimiliki wewe, hata kama nyuma yake kuna huduma ya mtu mwingine. Siku ya kuhama utabadilisha mstari mmoja wa DNS, yaani mfumo unaolielekeza jina la kikoa kwenye seva yake.

Majukwaa yasiyohitaji msimbo yana shida ya ndani zaidi. Data yako utaipata, mara nyingi kwa mafaili ya CSV, yaani majedwali ya matini matupu. Kanuni za biashara, yaani nani anaidhinisha nini, punguzo linahesabiwaje, hatua gani hufuata nyingine, hazitoki. Zimo ndani ya michoro ambayo hakuna programu nyingine inayoisoma. Hata CSV yenyewe hupoteza mengi: uhusiano kati ya majedwali, viambatisho, na historia ya nani alibadilisha nini lini. Mtu akilifungua faili hilo kwenye Excel na kulihifadhi, namba za akaunti zinazoanza na sifuri zitapoteza sifuri zake. Kabla ya kusaini, omba upewe mfano wa faili kamili la kuondokea, na mkataba utaje muundo wa faili hilo, muda wa notisi usiopungua miezi 12, na muda ambao data itahifadhiwa baada ya mkataba kuisha. Muuzaji asiyeweza kuonyesha faili hilo leo hataweza siku ya kuagana.

Data chini, skrini juu

Mfumo wa biashara hauzeeki kwa mwendo mmoja. Skrini huchakaa kwanza. Miaka mitano hadi saba ni maisha ya kawaida kabla watumiaji na vivinjari havijaidai sura mpya. Kanuni za hesabu huishi zaidi. Data huishi kuliko vyote, na mara nyingi sheria inadai ihifadhiwe hata baada ya mfumo kuzimwa. Kwa hiyo ujasiri wa kujaribu vipya uwe juu, kwenye skrini, na uhafidhina uongezeke kadiri unavyoshuka.

Kwenye data uchaguzi hauna mjadala mrefu. Edgar Codd aliandika kuhusu hifadhidata za kimahusiano mwaka 1970, SQL ikawa kiwango cha ANSI mwaka 1986, na msimbo wa SQL wa kawaida wa miaka hiyo bado unaeleweka na hifadhidata yoyote kubwa ya leo. Kwa kazi ndogo, au kwa kuhifadhi kumbukumbu, SQLite inafaa sana: muundo wa faili lake ni uleule tangu 2004, na waandishi wake wametamka nia ya kuiunga mkono hadi 2050.

Kinachohitaji umakini ni namna ya kuitumia. Fedha ziandikwe kwa aina ya NUMERIC yenye idadi maalumu ya desimali, kamwe si kwa namba za desimali inayoelea, ambamo 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwenye hifadhidata ya MySQL, mpango wa kuhifadhi herufi uwe utf8mb4; ule unaoitwa utf8 kwa desturi umekuwa na nafasi ya baiti tatu tu kwa herufi, na jina lenye herufi ya baiti nne hukataliwa au hukatwa. Na mambo ya pekee ya kila hifadhidata yajulikane kabla ya siku ya kuhama. Hifadhidata ya Oracle huichukulia matini tupu kuwa NULL (yaani hakuna thamani), PostgreSQL huzitofautisha. Swali linalotafuta wateja wasio na namba ya simu litatoa orodha mbili tofauti kwenye hifadhidata hizo mbili. Aina ya tarehe, DATE, ya Oracle hubeba saa ndani yake, ya PostgreSQL haibebi. Miamala ya alasiri itapoteza saa zake zote ukibadilisha aina kwa jina bila kuangalia maana.

Kanuni za biashara ziandikwe kwa lugha ya kawaida, mbali na fremuwaki. Kuna njia rahisi ya kupima kama hilo limefanyika kweli: tafuta jina la fremuwaki ndani ya folda ya kanuni na uhesabu mafaili yanayolitaja. Yakiwa sifuri, siku fremuwaki itakapokufa utabadilisha kuta na kubaki na msingi. Yakiwa mia mbili, umeoana nayo. Kipimo kingine ni kuuliza kama hesabu ya kodi inaweza kujaribiwa bila kuwasha seva wala hifadhidata. Kama haiwezi, kila badiliko la jukwaa litakuwa pia badiliko la kanuni zako za kodi, na hapo ndipo makosa ya kimya kimya huingilia.

Vitegemezi, yaani vifurushi vya msimbo wa watu wengine ambavyo mfumo wako unavitumia, vinastahili hofu kubwa kuliko vinayopewa. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kilikuwa na mistari 11 ya msimbo, na miradi mingi duniani ilishindwa kujengeka siku hiyo. Desemba 2021 udhaifu wa usalama wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, uliwafanya wahandisi wakeshe wakitafuta kama maktaba hiyo imo kwenye mifumo yao, na wengi waliikuta imeingia kupitia maktaba nyingine ambazo wao hawakujua zinaitumia. Endesha amri ya mvn dependency:tree (kwa Java) au npm ls --all (kwa JavaScript) kwenye mradi wako na usome orodha nzima, hata kama ni ndefu. Kwa kila kifurushi ulichokiita wewe moja kwa moja, andika tarehe ya toleo lake la mwisho na idadi ya watunzaji. Kinachofanya kazi ambayo mtu wako angeiandika kwa siku moja, kiondoe. Vilivyobaki vifungwe kwa namba kamili za matoleo, na nakala zake zikae kwenye hazina yenu ya ndani, ili mfumo ujengeke hata intaneti ikiwa imekatika.

Majaribio mawili kabla ya kusaini

La kwanza ni la kusonga mbele. Chukua mradi wa mfano wa jukwaa hilo wa miaka minne iliyopita, wenye kuingia kwa nywila, ripoti moja, kuchapisha na kazi ya usiku, uupandishe hadi toleo la sasa. Mpe mtu wa uwezo wa kawaida, si bingwa, na aandike saa alizotumia, makosa ya kelele aliyoyakuta, na tofauti za majibu kati ya ripoti ya kabla na ya baada. Saa hizo zizidishe kwa ukubwa wa mfumo wako na kwa idadi ya matoleo utakayopitia. Hiyo ndiyo bei halisi ya jukwaa, na huwa haipo kwenye ankara ya muuzaji.

La pili ni la kuondoka. Chukua nakala ya data halisi, majina yakiwa yamefichwa, na uihamishie kwa msambazaji mwingine. Usiridhike kwamba imeingia. Linganisha pande zote mbili: idadi ya safu mlalo kwa kila jedwali, jumla ya kila safu ya fedha kwa kila mwezi, tarehe ndogo na kubwa kabisa, idadi ya thamani zilizo NULL, na orodha ya majina ikiwa imepangwa kwa alfabeti. Tofauti yoyote ieleweke chanzo chake, hata ikiwa ya senti moja. Jaribio hili lirudiwe kila mwaka, kwa sababu kile kilichokuwa rahisi kuhama mwaka wa kwanza huota mizizi kadiri watu wanavyotumia vipengele vya pekee vya jukwaa.

Baada ya mfumo kuanza, mtu mmoja apewe karatasi ya tarehe na wajibu wa kuitunza. .NET 8 na PostgreSQL 14 zote zinafika mwisho wa msaada Novemba 2026. Tarehe kama hizo zinajulikana miaka kadhaa mbele, kwa hiyo bajeti ya kuhama inaweza kuombwa mwaka mmoja kabla bila kuita kikao cha dharura. Usiruke toleo lenye msaada mrefu ili kuokoa fedha. Anayeruka mawili hukutana na maonyo yaliyokwisha kugeuka makosa, na maelezo ya kuhama yaliyoandikwa kwa ajili ya hatua moja hayamsaidii aliye hatua tatu nyuma.

Ipo pia tarehe ambayo tayari iko ndani ya maisha ya mifumo inayoanzishwa sasa. Saa ya 9:14:07 usiku, 19 Januari 2038, kwa majira ya UTC, hesabu ya muda ya biti 32 inafikia ukomo wake, na aina ya TIMESTAMP ya MySQL haipokei tarehe zaidi ya hapo. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 au mkataba mrefu wa pensheni unaosajiliwa leo unaivuka tarehe hiyo. Kabla ya kuupokea mfumo kutoka kwa aliyeutengeneza, ingiza 20 Januari 2038 kwenye kila kisanduku cha tarehe, ihifadhi, ifungue tena, ichapishe kwenye ripoti, na ihamishe nje kwa faili. Mahali popote itakaporudi ikiwa tupu, ikiwa 1901 au ikiwa 1970, mfumo usipokelewe hadi parekebishwe.